Nyumba Iliyoipa Bahari Kisogo

Bi Rudecinda Chiguay alikuwa na sifa moja ambayo kisiwa kizima cha Tranhue kiliijua na wala hakikuipenda: hakuwa mtu wa kuomba. Alipasua kuni zake mwenyewe na kuchinja nguruwe wake mwenyewe, na siku mumewe Eleodoro alipozikwa, alibeba mwenyewe pembe moja ya jeneza huku wanaume wanne wamesimama kando mikono mitupu. Chiloé, kusini mwa Chile, ni visiwa vya mvua na vya watu wanaosaidiana, basi mtu wa namna hiyo hutazamwa kama mtu anayelala na viatu. Hajamkosea yeyote, lakini watu hujiuliza.

Alipobaki mjane aligeuza vyumba viwili vya nyumba yake kuwa vya wageni. Siku mgeni wa kwanza alipotarajiwa, shemeji yake Sofanor Colivoro, mdogo wa marehemu na mwenye maksai wazuri kuliko wote kisiwani, alikuja na mkokoteni wake uliofagiliwa, akajitolea kuwapokea wageni gatini. Bi Rudecinda akamwambia kwamba watu hawatoki Santiago kuja kunusa maksai. Sofanor akageuza mkokoteni. Kwa miaka kumi na moja hawakusemeshana isipokuwa misibani, na huko nako walizungumza kupitia kwa padri.

Biashara yenyewe haikuchangamka. Nyumba ilikuwa bondeni, nyuma ya kilima, mahali pazuri sana kwa mtu asiyetaka kuona kitu. Mgeni mmoja aliandika mtandaoni: "Chakula kitamu. Bahari hatukuiona." Mwingine aliandika: "Mwenyeji mkarimu. Tulitazama shamba la viazi siku tatu." Kiangazi kilichopita walikuja wageni tisa, na wawili kati yao walikuwa wamepotea njia.

Ndipo binti yake Yobana, aliyekuwa muuguzi mjini Puerto Montt, alipopiga simu.

"Mama, nakupa kiangazi hiki kimoja tu. Wageni wasipokuja, mwisho wa mwezi wa tatu nakuja kukuchukua. Una miaka sitini na saba. Huwezi kukaa peke yako bondeni na nguruwe."

"Nguruwe hajalalamika."

"Mama!"

"Nimesikia."

Bi Rudecinda aliwahi kulala huko kwa Yobana, ghorofa ya nne, usiku mmoja. Alisimama dirishani akauliza wale watu wote chini ni wa nani. Akaambiwa si wa mtu. Hakupata usingizi. Aliiogopa ghorofa ile kuliko kifo, kwa sababu kwa kifo, angalau, angezikwa Tranhue.

Basi akaamua kuihamisha nyumba. Kiwanja cha marehemu mama yake kilikuwa juu ya genge, bahari yote iko miguuni. Kuhamisha nyumba si ajabu kule. Nyumba ni ya mbao, haikushikwa na ardhi. Unainyanyua, unaiweka juu ya magogo mawili marefu, unafunga maksai, inakwenda. Kazi hiyo huitwa minga. Mwenye nyumba anapika, majirani wanavuta, na kila aliyekupa siku yake, nawe una siku yake ya kumrudishia atakapoihitaji. Hapana fedha. Ukitoa fedha umemtukana.

Haya yote Bi Rudecinda aliyajua. Alichosahau, kwa kukaa miaka mingi bila kuomba, ni namna ya kuomba. Alichukua simu akaandika katika kundi la kisiwa: "Majirani, Jumamosi tarehe kumi na nane, saa mbili asubuhi, minga ya kuvuta nyumba yangu. Chakula kipo."

Hajaiweka simu mezani, vidole gumba thelathini na kimoja vikawa vimeingia. Hata Sofanor alituma kidole. Bi Rudecinda akashangaa kwamba kuomba kumbe ni rahisi hivi, na akajilaumu kwa miaka aliyoipoteza.

Jumamosi ile alichimba shimo tangu alfajiri, akachoma mawe hadi yakawa mekundu, akamwaga juu yake kome na chaza, nyama ya nguruwe, viazi, na mikate ya viazi, akafunika kwa majani mapana na udongo. Ndiyo curanto, karamu ya shimoni ya kule, na hii ilikuwa ya watu sitini. Saa mbili ikafika bila mtu. Saa nne, bila mtu. Waliokuwepo ni mume na mke kutoka Concepción, wageni wake pekee wa juma lile, ambao walikuwa wameahidiwa sherehe.

"Inaanza saa ngapi?" mume akauliza.

"Imeshaanza," akasema Bi Rudecinda, akawapa sahani.

Adhuhuri walikuwa kwenye sahani ya tatu na walianza kuonekana na wasiwasi. Bi Rudecinda akavuka ua kwenda kwa wifi yake Edelmira, dada wa marehemu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akianika shuka lile lile moja, akilianua na kulianika tena, ili asipitwe na kitu.

"Wifi, ile habari hamkuiona?"

"Tumeiona. Si nimeweka kidole?"

"Sasa mbona hamkuja?"

"Nije wapi? Kwani mimi uliniomba lini?"

"Niliandika!"

"Uliandika kwenye simu. Umeiomba simu. Basi ije yenyewe ikuvutie nyumba, tuone." Edelmira akakunja shuka. "Mlango wangu una miaka kumi na moja hujaugonga, wifi. Au umesahau uko upande gani?"

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakuwahi kupata nafasi ya kusema kwamba vidole thelathini na kimoja vya simu havisogezi nyumba hata inchi moja, lakini wangekuwepo siku ile wangesema.

Kuomba minga kuna utaratibu wake. Unakwenda mlangoni kwa mtu kwa miguu yako. Husemi ulichojia. Unakaa jikoni, unapewa mate, ile chai chungu ya kule inayotiwa kibuyuni, unayanyonya kwa mrija, unarudisha kibuyu, unajaziwa tena. Unauliza kondoo, unauliza mguu wa shangazi, unauliza viazi. Ukishainuka kuaga, mkono uko kwenye komeo la mlango, hapo ndipo unapogeuka na kusema: "Nimekuja kukuomba siku moja." Naye, aliyejua tangu ulipopiga hodi, anajifanya kushtuka, anasema: "Siku ipo." Nyumba nne kwa siku ndiyo kiasi. Zaidi ya hapo kibofu kinakataa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Bi Rudecinda aliinama siku tisa mfululizo. Huko jikoni kwa watu aligundua mambo. Aligundua kwamba Edelmira alikuwa na mablanketi ishirini aliyoyafuma, yamejaa kabatini, hana wa kumuuzia. Nyumba nyingine alimwulizia mzee wa pale akaambiwa amefariki miaka miwili iliyopita. Nyingine alikuta mtoto anayepanda farasi, na hakuwa na habari kwamba alizaliwa. Aliona haya. Hakuwa akiigiza, alirudi nyumbani akakaa kitandani na koti lake mwilini, akilia kwa ajili ya yule mzee aliyekosa kumzika.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Sofanor. Sofanor alimfungulia, akamwonyesha kiti, akamjazia mate bila kumtazama. Walikaa saa nzima.

"Maksai wazima?" Bi Rudecinda akauliza hatimaye.

"Wananuka."

Birika likachemka.

"Siku ile nilisema vibaya, shemeji."

"Siku gani?"

"Unaijua."

"Naijua. Nataka uitaje wewe."

"Siku niliyosema watu hawatoki Santiago kuja kunusa maksai."

Sofanor akajaza kibuyu. "Hukusema uongo. Wananuka kweli, hata mimi nawasikia. Ila wa kusema hivyo ni mimi mwenyewe, si wewe."

Bi Rudecinda akainuka, akaaga, akashika komeo. "Shemeji, nimekuja kukuomba siku moja."

"Siku ipo," akasema Sofanor, naye akashtuka kwa adabu. "Na jozi nne za maksai zipo."

Jumamosi ya kwanza ya Februari walikuja watu thelathini na wanane na jozi kumi na moja za maksai. Isitoshe, wale mume na mke wa Concepción walikuwa wamesimulia huko kwao juu ya sherehe isiyokuwa na watu, na boti ikashusha wageni arobaini waliotaka kuiona ile ya pili. Bi Rudecinda alikataa kuzima jiko kwa sababu alikuwa na mkate ndani. Kwa hiyo nyumba ilipanda kilima inatoa moshi, magogo yanalia chini yake, Sofanor mbele na fimbo yake akiwataja maksai mmoja mmoja kwa majina na kuwatukania mama zao. Wageni walikimbia pembeni wakipiga picha. Mkate uliiva karibu na kanisa.

Mwenye nyumba yeye alikuwa shimoni, anasimamia kome. Alipopanda gengeni na upawa mkononi, nyumba ilikwisha kutulia, kabari zimepigwa, watu wameanza pombe ya tufaha. Aliizunguka mara moja. Akaizunguka mara ya pili, kinyume, labda angekuta tofauti. Mlango, baraza na madirisha yote sita yalitazama kijiji. Upande wa bahari kulikuwa na ukuta mtupu na kidirisha cha choo.

"Shemeji," akaita taratibu, "mbona nyumba imeipa bahari kisogo?"

Sofanor alimtazama kama anayemshuku homa. "Ulitaka iiangalie?"

"Ndiyo."

"Mvua inatoka huko. Upepo unatoka huko. Nani mwenye akili anafungulia mvua mlango?"

"Wageni wanataka kuiona bahari."

"Watoke nje, waione. Haijafichwa."

Watu thelathini na saba waliobaki wakatikisa vichwa kukubali. Haikuwapitia akilini. Tranhue nzima hakuna nyumba inayotazama bahari. Anayeshinda baharini anatosheka nayo. Na Bi Rudecinda, huko jikoni kote, aliuliza kondoo na miguu ya mashangazi lakini hakusema nyumba igeukie wapi, kwa sababu naye ni wa huko huko, hakujua kwamba ni jambo la kusema.

Minga haikosolewi. Mtu aliyekupa siku yake humwambii ameikosea. Bi Rudecinda akasema, "Imekaa vizuri. Mungu awalipe." Kisha akaenda nyuma ya nyumba, upande ule wa bahari ambako hakuna dirisha la kumwona, akalia kwa kusimama na upawa wake. Aliona miezi miwili iliyobaki, na baada yake ghorofa ya nne. Alipomaliza alijifuta, akarudi kugawa chakula.

Kwa hiyo katika Tranhue yote ni choo cha Bi Rudecinda kilichopata mandhari. Mgeni mmoja aliandika kwamba hajapata kukaa mahali pazuri hivyo maishani mwake, akatia na picha. Wageni wakaanza kuja kwa ajili yake. Waliotaka kuiona bahari kwa heshima zaidi aliwaelekeza kwa Sofanor, kwenye ua wake kuna benchi. Sofanor akawa anawachukua gatini kwa mkokoteni, na wengi waliuliza kama wanaweza kuwashika maksai. Akawaruhusu kuwanusa pia, akisema bure.

Tena kulikuwa na zile siku za kurudisha. Kuanzia wiki ile Bi Rudecinda hakuwa na nafasi ya kukaa na wageni.

"Leo sipo," aliwaambia wakinywa chai. "Leo nalipa siku kwa wifi yangu, tunang'oa vitunguu saumu. Mnaweza kubaki mtazame ukuta, au mje."

Walikuja. Waling'oa vitunguu saumu kwa Edelmira na jioni wakaondoka na mablanketi matatu. Waliosha tufaha, walifukuza kondoo upande usio wao. Vyumba viwili vilipojaa, Bi Rudecinda aliwapeleka kulala kwa majirani, akigonga milango mwenyewe, anakaa, anakunywa, anashika komeo ndipo anasema. Wageni wenyewe walingoja nje na mabegi yao.

Likazuka tatizo. Daktari wa meno kutoka Santiago, Bi Constanza, mwanamke mnene na mchangamfu, alishinda siku nzima akimsaidia Sofanor kuingiza nyasi ghalani. Je, siku ile ilipunguza deni la Bi Rudecinda, ambaye mgeni alikuwa wake? Walikutana ukumbini mwa kanisa kulijadili. Baada ya mate mengi wakaamua kwamba siku ni ya aliyetoka jasho. Maana yake Sofanor alikuwa anadaiwa siku moja na daktari wa meno. Jambo hilo lilimkosesha raha.

"Una ua nikutengenezee?" alimwuliza Bi Constanza.

"Naishi ghorofa ya tisa, Mzee Sofanor."

"Kuni je?"

"Sina jiko la kuni."

"Masikini," akasema Sofanor, na alimaanisha. Bi Constanza akamwambia basi atarudi mwaka ujao kuona kama amefikiria kitu.

Siku ya mwisho ya Machi Yobana alishuka kwenye boti na sanduku tupu. Wageni waliolala kiangazi kile, ukiacha wale arobaini wa kutwa, walikuwa ishirini na sita, mara tatu karibu ya mwaka uliopita, lakini Yobana alikuwa na yake.

"Hao ni wa jua, mama. Mvua zikianza utabaki na nani huku juu? Mimi nikiwa zamu nikisikia upepo, sili. Nakuwaza wewe. Naomba twende."

Alisema kweli na alisema kwa upendo. Bi Rudecinda alikaa akatazama mikono yake. Aliliahidi hili, kiangazi kimoja. Akainuka akaanza kukunja gauni la kwanza.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Edelmira. Akakaa, akapewa mate. Ikapigwa hodi nyingine. Kufikia saa kumi jikoni mlikuwa na watu kumi na wanane, wengine wamekaa juu ya kuni, wanaulizana habari za kondoo. Hakuna aliyeuliza habari za sanduku, ingawa lilikuwa katikati na wanaliruka. Mwisho Edelmira akainuka, akashika komeo.

"Yobana mwanangu, boti ya kesho mama yako hapandi. Ana siku yangu. Tufaha zangu bado."

"Na yangu," akasema mwingine. "Paa."

"Na yangu. Kukata manyoya ya kondoo."

Yobana akasimama. "Basi nitalipa mimi. Semeni ni kitu gani."

"Wewe nyumba yako haikuvutwa," Sofanor akasema kutoka mlangoni.

"Baba mdogo, kwani amebakiza siku ngapi?"

Walihesabu. Ishirini na tisa. Jumamosi tu, kwa sababu siku nyingine kila mtu ana zake. Siku ya mvua haihesabiwi, na Tranhue Jumamosi isiyo na mvua si jambo la kuahidiwa. Yobana alihesabu kwa vidole, akavimaliza, akavirudia. Alifika mwaka kesho kutwa na bado.

"Na wewe, baba mdogo? Siku yako lini?"

"Mimi bado sijaamua."

Yobana aliangalia nyuso zile, zote zimekauka kama za watu walio mahakamani, kisha akamwangalia mama yake, ambaye alikuwa ameshika lile gauni na machozi yanamtoka bila aibu. Akaliweka sanduku nyuma ya mlango. Siku ya pili aliondoka nalo limejaa viazi.

Wageni waliendelea kuja. Mwaka uliofuata nyumba sita zilikuwa na vitanda vya wageni, na kuna waliokuja hata wakati wa mvua, kwa kuwa waliahidi siku zao. Bi Rudecinda alilipa Jumamosi kwa Jumamosi, hadi mwaka wa tatu akabaki na siku moja tu, ya Sofanor.

Aprili hiyo, mwaka wa sabini wa maisha yake, alikwenda kwa shemeji yake asubuhi na jembe begani. Mbingu zilikuwa safi kabisa, hakuna wingu hata la kusingizia.

"Shemeji, nimekuja kulipa siku yangu. Viazi vyako vinaoza."

Sofanor akachungulia nje. "Leo haifai. Mvua inakuja."

"Mvua ipi?"

"Inakuja."

"Mwaka jana ulisema nira imevunjika."

"Ilivunjika."

"Mwaka juzi ulisema viazi havijakomaa, na wakati huo tulikuwa tunavila, shemeji. Tulikuwa mezani."

Sofanor alichukua kibuyu, akatia majani, akamimina maji taratibu mno kwa mtu mwenye birika zima.

"Nilipe, Sofanor. Nikishalipa hatudaiani tena."

"Miaka kumi na moja hatukudaiana," akasema Sofanor, akiliambia birika. "Sikuipenda."

Bi Rudecinda aliegemeza jembe ukutani, akavuta kiti.